Niliandika Kwamba Wote Wamesema Nzuri

Bi Samiha mpendwa,

Sijui kama barua ya aina yangu huwa unaisoma redioni, maana si ya mume wala ya mchumba, ni ya mashine ya kuchapa karatasi, lakini sina mwingine wa kumwambia na naona nikikaa nayo wiki nyingine nitaugua.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la kumi na mbili mwaka jana, kwetu ni Quiterajo ila nakaa hapa Mocímboa kwa shangazi yangu, naye anavuka mpaka wa Namoto kwenda kununua vitenge Mtwara, kwa hiyo siku nyingi niko peke yangu nyumbani, napika kidogo, nakula, naosha sahani moja. Niliosoma nao wengine wameolewa, wengine wamekwenda Palma kutafuta kazi tangu gesi ionekane, na mimi toka utotoni ni mtu wa haya, nikiingia mahali penye watu watatu sauti inakauka.

Mwezi uliopita tawi la chuo kikuu hapa mjini lilitafuta mtu wa kufanya inquérito, yaani kuwauliza watu maswali na kujaza fomu. Pale chuoni kuna impressora, yaani mashine ya kuchapa, moja tu inayotumiwa na wote, wanafunzi na walimu, iko kwenye korido ya maktaba, na ya pili imeshanunuliwa iko ndani ya boksi, na mkurugenzi alisema wanaoitumia wakiwa na shida hiyo ya pili itawekwa upande wa wanafunzi, wasipokuwa na shida itapelekwa tawi la Pemba. Msimamizi wa kazi hiyo ni Engenheiro Luís, yaani injinia, mtu wa Nampula, mpole, akanipa kalamu na fomu, akaniambia nikae karibu na mashine wiki tatu, nitazame, na kila anayeitumia nimuulize anaionaje.

Nilikaa, Bi Samiha. Waliniita Binti Mashine, wakipita wananitania, "Binti Mashine, mwenzako ameamka leo?" na mimi nacheka chini chini, kwa sababu hata utani ule ulikuwa bora kuliko kimya cha nyumbani. Na niliona kila kitu. Niliona mwalimu anatuma kurasa mia mbili bila kunyanyuka kitini kwake ofisini, na wanafunzi kumi wamesimama koridoni, karatasi zao moja moja zimekwama nyuma ya zake. Niliona wasichana wanaondoka bila kuchukua barua zao kwa sababu wanaume wameizonga mashine na kila karatasi inayotoka inasomwa kwa sauti na kuchekwa. Lakini hayo hayakuwa na nafasi kwenye fomu, fomu ilikuwa na visanduku vitatu, nzuri, wastani, mbaya, na mimi niliona haya kumkabili mtu mzima na kumuuliza anaionaje, nikawa nauliza kama ninavyosalimia, "Shikamoo, habari za mashine?" nao wananijibu kama watu wanavyojibu salamu, nzuri, salama, tunashukuru, na mimi naweka alama kwenye nzuri na kushusha macho.

Kuna dada mmoja, Zainabo, wa Mbau, yuko mwaka wa pili. Katika wiki zile tatu ni yeye peke yake aliyeniuliza jina langu. Akisubiri karatasi zake alikuwa anakaa nami kwenye benchi, ananimegea muhogo wake wa kukaanga, ananisimulia vituko vya chumba walichopanga wasichana watano wenye sufuria moja, mpaka nikawa naamka asubuhi nikijiuliza kama leo atakuja. Nilipomuuliza naye kuhusu mashine alisema, "Nzuri, ila sasa..." na mimi nilikuwa nimeshaweka alama, na nyuma yake amesimama mwalimu, nikamkaribisha mwalimu asogee. Hiyo ila yake sikuisikiliza.

Ijumaa ya wiki iliyopita ilikuwa mwisho wa kupeleka maombi ya estágio, mafunzo ya kazini kwenye kampuni moja ya mambo ya gesi, mwisho saa sita mchana. Mjini umeme ulikuwa umekatika, chuoni kuna jenereta, kwa hiyo Zainabo hakuwa na pengine pa kwenda. Alituma barua yake ichapwe saa tatu asubuhi, na mbele yake kulikuwa na mitihani ya mwalimu. Ilitoka saa saba kasoro, akakimbia nayo, akarudi nayo mkononi. Alikaa kando yangu akalia bila sauti, halafu akajifuta kwa mtandio akaniambia, "Afadhali wewe, mdogo wangu, umeshawaandikia yote. Mwakani mwingine hayatamfika."

Niliigeuza fomu yangu asizione alama.

Jana Engenheiro Luís alisoma matokeo mbele ya walimu. Watu sitini na watatu wameulizwa, hamsini na tisa wamesema mashine ni nzuri. Akasema kazi safi, akanitaja kwa jina langu kamili, wakapiga makofi, na mimi, Bi Samiha, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha akasema impressora ya pili itapakiwa Alhamisi kwenda Pemba, na kwamba mimi wataniita tena kwa kazi nyingine. Wanafunzi hawajaambiwa bado. Nikisema ukweli nitaonekana mwongo na sitaitwa tena, na Zainabo akijua nitarudi kuwa sina mtu. Nikinyamaza atazidi kunimegea muhogo na mimi utakuwa haupiti kooni. Nifanye nini? Jina langu naomba usilitaje, na majina ya wengine humu nimeyabadili.

Msichana wa koridoni,
Mocímboa da Praia, Jumamosi

*

Bi Samiha anajibu:

Mwanangu, barua yako imenifikia jana. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika kidogo, utanivumilia.

Kwanza nikuondolee kosa lisilo lako. Ulipouliza hukumdanganya mtu. Ulisalimia, ukajibiwa salamu. Mimi mwaka jana nilikuwa nimelala hospitali na mguu umevunjika, jirani akaingia akaniuliza habari, nikamwambia nzuri. Ndivyo tulivyolelewa, tunaanza na nzuri, halafu ndipo tunaeleza yaliyotupata, na anayeuliza inabidi akae kitako angoje. Huyo Engenheiro Luís naye ana sehemu yake. Amempa mtoto wa watu visanduku vitatu akadhani pwani nzima itaingia humo. Mwambie Bi Samiha amesema.

Ila Ijumaa, hesabu iliposomwa, ulijua si kweli, na ukanyamaza kwa sababu ya makofi. Hapo usiniletee habari za haya. Haya ni kushindwa kumtazama mkubwa machoni. Kumwacha mwenzio akushukuru kwa jambo ambalo hukumfanyia kuna jina jingine, na jina hilo unalijua.

Upweke naujua. Hiyo sahani moja nimeiosha miaka sita tangu mume wangu afariki. Ukimpata mtu mmoja wa kukuuliza jina, unaogopa hata kupumua asije akaondoka. Lakini Zainabo anakaa na msichana aliyeandika yote, na msichana huyo hayupo. Wewe uko pembeni unawatazama, mpweke vilevile kama zamani, na sasa una siri juu yake.

Basi nenda kwa Luís kwanza, maana gari la Pemba lina siku yake. Ukiona sauti inakauka, mwandikie, barua hii imenionyesha kwamba kalamu yako haina haya hata kidogo. Andika mwalimu alituma kurasa ngapi, wangapi walisimama wakingoja, wasichana wangapi waliondoka mikono mitupu. Mwambie wazi kwamba zile alama hamsini na tisa ni za salamu. Omba boksi lingoje wiki moja uulize upya, na safari hii usimuulize mtu habari za mashine. Muulize, "Mara ya mwisho ulikuja saa ngapi, na uliondoka na nini?" Halafu nyamaza mpaka amalize. Kunyamaza unakuweza kuliko wengi, kwa mara moja kukufae.

Akikukasirikia, pokea. Asipokuita tena, utatafuta kazi nyingine kama wenzako.

Kisha Zainabo, siku hiyohiyo, kabla hajayasikia kwa wengine. Usianze na machozi, na usimbane akusamehe palepale. Mweleze ulichofanya, mweleze ulichokwenda kumwambia Luís, basi. Huenda akanyanyuka akaenda zake. Mwache aende. Sitakudanganya kwamba lazima atarudi, nafasi aliyoikosa ni kubwa. Lakini nafasi nyingine zitatangazwa, yeye na wale wanne wa chumbani kwake wataziomba, na karatasi zao zitapita kwenye korido ileile.

Leo ni Jumanne. Kipindi hiki kinakwisha saa nne na nusu, na ofisi za chuo ziko wazi mpaka saa tisa alasiri. Zima redio, mwanangu, uende.