Nimemtumia Mume Wangu Sauti ya Marehemu Mama Yake

Shikamoo Mama Martina. Nakuandikia kutoka Tangini, Kibaha, na jina langu Mwanajuma unaweza kulitaja, maana jambo lenyewe huku kila mtu analijua isipokuwa mume wangu.

Mume wangu Seifu ni fundi wa injini, alikuwa kiwandani Zegereni miaka saba, mwezi wa tano akapata kazi kwenye yoti, zile mashua kubwa za matanga wanazotembelea matajiri kwa starehe, wamo watu watano tu, mwenye yoti na mkewe, nahodha, mpishi wetu wa Mbeya anaitwa Ambokile, na yeye fundi. Mama yake, Bi Sikudhani wa Maneromango huko Kisarawe, hakutaka kabisa, alimwambia mbele yangu, "Mimi naumwa figo, wewe unakwenda kuzurura majini, nikifa utanizika kwa simu?" Seifu akampandishia sauti mama yake, kitu ambacho sijawahi kukisikia toka anioe, na siku ya safari hakwenda Kisarawe kumuaga, alichukua begi hapa nyumbani akaondoka.

Walipofika Shelisheli moyo ukaanza kumuuma. Kutoka pale walikuwa wanavuka kwenda Thailand, wiki tatu na zaidi bila kuona nchi kavu na bila mtandao wa simu, basi akamng'ang'ania nahodha wafunge intaneti ya setilaiti, ile ya kidishi bapa kama sinia kinachotazama juu, nahodha akasema kinamaliza betri, Seifu akamwambia nyaya nitapitisha mwenyewe na tutawasha saa moja tu kwa siku, mama yangu mgonjwa nataka nimsikie. Wakakubaliana. Waling'oa nanga kazi haijaisha, akaimalizia njiani siku ya nne ya safari.

Mama alifariki siku ya tatu.

Nilikuwa naye mimi hospitali. Alikata roho asubuhi, alasiri tukamzika Maneromango, na watu wakiwa bado msibani shemeji yangu mkubwa, Mwishehe, akatuita ndani akasema, "Seifu asiambiwe. Tukimwambia yuko katikati ya maji atashukia wapi? Atajitupa." Hakuna aliyempinga, na mimi nikanyamaza. Kesho yake saa kumi jioni simu ikaita kwa picha, nikamwona Seifu anacheka, nyuma yake maji matupu, anasema, "Mwana, imekubali! Nipe mama." Mama Martina, nilikuwa nimejitanda kanga ya msiba kichwani, niliivuta nikaikalia asiione, nikamwambia mama amelazwa na wodini hawaruhusu simu.

Toka hapo akawa anatuma ujumbe wa sauti nikamsikilizishe mama. Ziko kumi na moja. Nyingine za kuchekesha, anamwambia mama leo nimesonga ugali, mzungu kaomba aongezwe, lakini zote zinaishia pale pale, "Mama nilikukosea, nipe radhi." Nilikuwa nazisikiliza peke yangu jikoni mlango nimeufunga. Halafu akaanza kuuliza, mbona hajibu, hata akohoe tu nimsikie, ina maana bado ana hasira na mimi? Siku moja Ambokile akachukua simu akaniambia, "Shemeji, huyu mtu siku ya tatu hali chakula."

Ndipo nikafanya nililofanya. Kwenye simu yangu kulikuwa na sauti ya mama ya mwaka jana, nilishindwa kwenda kwake siku ya Idi kwa sababu mwanangu alikuwa na surua, nikamwomba msamaha, akanijibu, "Mwanangu, mimi nimeshasamehe, yameisha, usiweke moyoni." Hiyo ndiyo niliyomtumia Seifu. Alilia kama mtoto mdogo, akamwita Ambokile naye asikilize, akairudia na kuirudia, akala. Shemeji Mwishehe akanisifu, eti nimetumia akili.

Lakini mimi toka siku ile sina amani, namwona mama mkwe kila ninapofumba macho. Seifu amebakiza siku tisa kushuka, anasema ameomba ruhusa aje ampigie mama magoti, na jana amemwagiza mama amrekodie sauti nyingine. Nimwambie sasa au nisubiri ashuke? Na nikimwambia, ile radhi itakuwaje? Ilikuwa yangu mimi.

Mwanajuma

Mwanajuma, pole kwa msiba, na pole kwa mzigo uliobebeshwa.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii sikuiweka kwenye foleni. Ilinifikia Jumatatu, nikampigia mwandishi wake saa ile ile, na naichapisha leo kwa ruhusa yake kwa kuwa Seifu ameshaambiwa.

Nilikugombeza simuni na hapa nakugombeza tena. Kunyamaza siku ya mazishi kulieleweka, mlikuwa mmechanganyikiwa na shemeji yako ndiye mkubwa. Lakini kuchukua maneno ya marehemu ukampa asiyeambiwa, hilo hukulazimishwa na mtu. Ulimwonea huruma, najua. Alikuwa hali. Ila ulimlisha kitu ambacho angekuja kukitapika mbele ya kaburi, ndugu wote wakimtazama. Na wewe Mwishehe, kama unasoma, wodi ya uongo uliifungua wewe halafu ukamwachia mke wa mdogo wako azipokee simu.

Nilikwambia usisubiri ashuke. Huko majini ana watu wanne wa kumshika mkono. Bandarini angeshuka na begi la zawadi, akapokea habari hii kwenye foleni ya uhamiaji, peke yake. Nikakwambia umtafute kwanza Ambokile, yeye amwambie nahodha, Seifu aondolewe kwenye zamu na asiachwe mwenyewe hata dakika moja. Habari ya kifo aitoe Mwishehe kama kaka. Habari ya ile sauti uitoe wewe, kwa mdomo wako.

Ukaniuliza ile radhi umwambie nini. Nikakuuliza, mama alisema nini hasa hospitali? Ukasema asubuhi ile kabla hajakata roho aliuliza, "Seifu kafika wapi?" ukamjibu wameshatoka Shelisheli, akasema, "Mbali," akageukia ukutani. Nikakwambia mpe hayo na usimwongezee hata neno. Kama ni radhi au si radhi, yeye ndiye aliyezaliwa na yule mama, atajua mwenyewe.

Jumanne saa kumi jioni mlimwambia, nawe ulinisimulia ukilia. Hakupiga kelele. Aliuliza nani alimwosha mama, na nani aliingia kaburini. Mwishehe akamjibu yote. Kisha akauliza, "Na ile sauti?" Ukamweleza. Akakutazama, akasema, "Mwanajuma, wewe?" akakata.

Nahodha sasa anakiacha kidishi kimewashwa mchana kutwa, na Ambokile analala chumba kimoja na Seifu. Ni siku ya nne. Anaongea na kaka yake, na wewe hakutafuti. Jana umeniandikia tena kuuliza kama nilikupotosha.

Sikukupotosha, ila sikukuahidi kwamba haitauma. Sasa nisikilize. Usimtumie maombi ya msamaha kila saa, unamchosha mtu aliyefiwa. Mtumie mara moja, maneno machache, unyamaze. Zile sauti kumi na moja usizifute, ni mali yake, akizitaka mrudishie. Mwambie Mwishehe arobaini isisomwe Seifu hajafika, hata ikibidi isogezwe, na hilo asimame nalo mbele ya wazee kwa kuwa ndiye aliyeharibu. Wewe nenda Maneromango siku mbili tatu, ukae na mawifi, ulie kilio chako, maana toka mama afe ulikuwa unakificha chini ya kanga.

Atapiga. Sijui kama ni kesho au akishashuka. Akipiga, pokea. Akikugombeza, msikilize mpaka amalize, usijitetee kwa jina la shemeji yako. Na akikuuliza kama kuna kingine ulichomficha, uwe huna.