Uso wa Bi Mize

Chole, Jumatano, 1909

Nilipaswa kuufunga mlango wa ua. Nimelirudia hilo moyoni tangu adhuhuri, wala halinifai kitu.

Jirani yangu Bi Mize ni mgonjwa, naye alitaka mwanawe aliyeko Lindi apate sura yake. Nilibakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha. Nikamsihi atulie, asitikise hata midomo, mpaka nilifunike jicho la kamera. Alitulia vizuri mno, nami nikaona ile furaha inijiayo kila nisimamapo nyuma ya sanduku hili.

Ndipo mpita njia akatoa salamu mlangoni: "Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," akaitikia Bi Mize, akageuka.

"Bibi, niwie radhi, nilikuomba usiseme."

"Salamu ya Mungu niiache ianguke chini, Mwalimu, kwa ajili ya kioo chako?"

Nilipokiosha kioo kwa dawa, mikono ya Bi Mize ilitokea wazi, uso ukawa kama moshi. Nilimpelekea picha jioni. Alicheka, kisha akanirudishia.

"Mpelekee hiyo hiyo. Mikono ataijua."

Nahodha Faki ataichukua kesho kwa jahazi lake liendalo Lindi. Nitaagiza vioo vingine Dar es Salaam. Sikuthubutu kumwambia Bi Mize avisubiri.