Udongo Niliokutumia Bwera

Muhokya, Jumatatu

Kwa dada yangu Saudah,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na huyo mgeni wa tumboni anayekupiga mateke. Mimi sijambo, ila mgongo umechoka na kamba imenitoa malengelenge mikononi. Nyumbani kwetu Arua nakuona mbali kila nikilala. Simu yangu ilizama ziwani, ndiyo maana nimempa Hamuza wa lori barua hii. Nimemwomba asiondoke kwako mpaka uisome yote.

Dada, nimepata kazi ambayo sikujua kama ipo duniani. Tunavua matope. Kuna mtafiti anaitwa Proscovia, amekodi mtumbwi, na mvuta kamba ni mimi. Tunashusha chombo cha chuma chenye taya mbili, kinang'ata matope ya chini kabisa, nakivuta juu, tunayachuja. Kwenye chujio wanabaki konokono wadogo kama punje za mtama na minyoo myekundu kama nyuzi. Yosamu, mpiga kasia wetu, ananiita profesa wa matope, anauliza shahada yangu nitaianika wapi ikauke. Namwacha acheke. Niliishia darasa la tano, lakini sasa minyoo naijua kwa majina.

Proscovia alinieleza kwamba mto unaoingia hapa hupita kwenye malundo ya taka za mgodi wa zamani wa shaba. Mvua inaosha yale madini yenye sumu, yanashuka ziwani, yanatulia kwenye matope. Minyoo na konokono wanayala, samaki wanawala wao, na sisi tunawala samaki. Maji ya juu utayaona safi tu.

Ana mashine kama ile waliyotuelekezea kwenye paji la uso wakati wa korona. Akiiweka kwenye udongo mkavu inasoma shaba, kobalti na risasi, na namba zinatokea hapo hapo. Nilifurahi mno. Nikamwomba apime jiwe, jembe, hata buti langu. Jana nikatoa mfukoni kipande cha udongo, nikajigamba kwamba huu ni msafi, watu wanaula. Namba zikapanda kuliko za matope yote tuliyovua wiki nzima. Akauliza nani anaula. Nikajibu hakuna.

Dada, ni wewe. Udongo wa kula ninaokutumia tangu mimba ianze kukutamanisha haukutoka soko la Kinyamaseke kama nilivyokuambia. Nilichimba mwenyewe pale mto unapoingia ziwani, nikauanika juu ya bati, nikaufinyanga kama wa sokoni. Ulikuwa laini, bila mchanga, nikaamini ni bora kuliko wa kununua. Nilijua ukisikia ulikuwa na konokono utautupa, nikakudanganya.

Usiule tena, hata kipande kimoja. Uliobaki ufunge kwenye mfuko, uende nao hospitali leo hii, Hamuza atakupeleka. Waambie umeula miezi mingapi, wakupime damu. Asubuhi nilimweleza Proscovia ukweli. Hakunitukana. Aliandika jina lako, akasema Alhamisi tutakuja Bwera pamoja na mashine.

Msalimie shemeji, na umsomee barua hii bila kuruka popote. Alhamisi nitasimama nje ya mlango wako mpaka wewe mwenyewe uniite ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Ashiraf