Kaburi la Noel Bado Liko Wazi

Ghorofa ya Nne,
Peckham, London.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Method,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Na wifi yangu Léocadie, analala japo kidogo? Anakula? Najua kumuuliza hali mtu aliyefiwa na mwanawe wa pekee ni kama kumchokoza, lakini Ma hakutulea kuvamia mambo bila kusalimiana. Kwa hiyo nauliza, na majibu nayataka.

Mimi nipo. Wiki iliyopita nilirudi kazini kwa wazee wangu ninaowahudumia, kwa sababu kukaa ndani nikilitazama kochi alilokuwa akilalia Noel kulinishinda. Huku saa kumi jioni giza limeshaingia, na mvua inanyesha ile ya kuudhi, haikatiki wala haizidi. Watu wa jumuiya yetu hawajaniacha. Kila Jumapili mmoja wao ananiletea sufuria ya ndizi. Ni ndizi za madukani hapa Peckham, hazina ladha ya kwetu, lakini nakula.

Nimeandika barua kama zamani ulipokuwa shule ya bweni, kwa sababu simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona zile alama zinageuka bluu, halafu kimya. Basi barua hii nimempa Angel, yule nesi aliye kwenye kwaya yetu, anayekuja huko Marekani Jumamosi kwenye arusi ya dada yake. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeanza kuisoma. Kama bado amesimama hapo mlangoni, mkaribishe chai, usimfanyie kiburi, yeye hana kosa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu wale wachunguzi wa vifo wamemaliza kazi yao. Noel ameruhusiwa kutoka mochwari. Kinachongojewa ni neno lako tu, maana wewe ndiye baba, na mimi shangazi mbele ya sheria za huku si kitu.

Tusisahaulishane, Method. Asubuhi ile nilipotoka shifti nikamkuta Noel ameshapoa, mtu wa kwanza niliyempigia ni wewe. Tulilia wote wawili mpaka nikakuuliza mtoto azikwe wapi. Ulisema, "Nyumbani, dada, kibanjani kwa baba." Sikukuwekea maneno mdomoni. Nikapiga simu nyumbani Kamachumu saa ileile, na kabla jua halijazama vijana wa ukoo walikuwa wameshaingia kibanjani, kwenye migomba, na majembe.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa haraka ya mapenzi. Wao walidhani London mtu akifa leo, kesho yuko njiani. Mimi nami, pamoja na miaka yote niliyokaa huku, sikujua kwamba kijana akifa ghafla wanamshika wiki na wiki wakimchunguza. Kwa hiyo kaburi likachimbwa na mwenye kaburi hakuja. Wamelifunika kwa mabati na kuyawekea mawe, kwa sababu mvua za vuli zimeanza. Ma anahamisha kiti chake kila asubuhi na kwenda kukaa pale. Akiambiwa apumzike ndani, anasema hawezi kuliacha peke yake.

Nilikuwa najiandaa kuwaeleza wawe na subira, mara nikapata barua pepe ya mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya maziko huko kwenu. Mawe! Mama yangu, nilishangaa! Nikasoma kwamba Kaunti ya Wexley inajiandaa kumpokea mwana wake, kwamba baba wa marehemu ameridhia, na kwamba Noel atalazwa kwenye ule mstari wa makaburi ya watu mashuhuri waliotoka hapo. Akaniomba kwa heshima zote nimtumie picha ya Noel akiwa mdogo, "akiwa bado Afrika." Yaani mimi dada yako nilizipata habari za maziko ya mwanetu kwa mtu nisiyemjua hata sura.

Noel alinisimulia habari za watu wenu mashuhuri. Aliniambia juu ya ule ukuta mrefu pale unapoingia mjini, uliochorwa nyuso za wote waliozaliwa au kukulia kwenye kaunti yenu wakapata jina. Yuko seneta mwenye masharubu, yuko mama aliyeimba nyimbo za mashambani, yuko aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi, yuko na mmoja aliyeruka kwenda anga za juu. Mwisho kabisa yuko Noel wetu na namba yake kifuani, bingwa wa mita mia nane. Aliwaita "wazee wangu wa ukutani." Alikuwa akiwaigiza mmoja mmoja hapa sebuleni mpaka nikashika mbavu.

Lakini kuna jambo jingine alilonisimulia bila kucheka. Goti lilipoharibika na wakampasua mara ya pili, alipewa vile vidonge vya maumivu, na maumivu yalipoondoka vidonge havikuondoka. Alikuwa anaendesha gari kwenda kuvitafuta, na njia ya kwenda huko ilipita pale ukutani. Watu walikuwa wakipunga mkono kwenye picha yake, yeye mwenyewe akipita chini na kofia imemfunika macho, hawamtambui. Alikonda mno, Method. Wewe ulimwona, usinikatalie.

Akaniambia pia kwamba katikati ya zile nyuso kuna mahali peupe. Palikuwa na kocha mmoja, alikutwa na aibu zake na polisi, na wiki ileile wakaja watu wenye ngazi na ndoo ya rangi wakampaka nyeupe. Hawakuweka mtu mwingine, pameachwa vile vile. Noel akasema, "Shangazi, siku wakijua, na mimi watanipaka." Ndiyo sababu alikuja kwangu. Hakuja kutembea kama ulivyowaambia watu wa huko, wala hakuja kufundisha watoto riadha. Alikuja kujificha kwa watu wasiomjua, apone.

Na alikuwa anapona, jamani. Nataka ulijue hili, kwa sababu hukuwepo kuliona. Alipata kazi kwenye ghala moja upande wa Croydon, akanenepa mashavu, akawa ananibebea mifuko ya sokoni bila kuambiwa. Mwanangu Samson, ambaye hata mimi mama yake hunijibu kwa Kiingereza tu, alianza kujibu kwa Kiswahili kwa sababu ya kumwiga kaka yake. Mpaka mwezi wa tisa nilikuwa nawaambia watu kanisani kwamba tumeshinda. Kilichotokea wiki ile ya mwisho, nani alimpa, alinunua wapi, mimi sijui na nimechoka kujiuliza.

Sasa wewe unataka kuwaambia watu wa Wexley kwamba ulikuwa ugonjwa wa moyo. Sikulaumu kwa kuona haya. Najua kwamba kwa miaka yote uliyopanga masanduku kwenye kile kiwanda cha kuku hakuna aliyekuita jina lako, mpaka Noel aliposhinda, ndipo wakaanza kukuamkia dukani na kukuita baba yake Noel. Najua kupoteza mtoto na salamu kwa mpigo mmoja ni jambo zito. Lakini taarifa ya wachunguzi imeandika kilichomuua, na haifichwi, mtu yeyote akiiomba anapewa. Siku moja itasomwa huko kwenu. Wakishaisoma, ukuta watapaka rangi. Na kaburi je, ndugu yangu? Utakuwa umemlaza mwanao kwa watu ambao unaogopa wasije wakamjua.

Upande wa nyumbani nao hawawezi kungoja tena. Unaijua mila yetu, kaburi likichimbwa halilali wazi, na hili limelala wazi zaidi ya mwezi. Wazee wa ukoo wameamua. Jumamosi ya tarehe 23, kama hakujapatikana neno kwamba Noel anakuja, watazika mgomba. Utakumbuka walivyomfanyia baba mdogo asiyerudi kutoka vita vya Uganda. Waliukata mgomba, wakauvisha shuka, wakaulilia, wakaufukia. Tulikuwa wadogo, wewe ulinikamata mkono ukaniuliza kama baba mdogo akirudi atalala wapi, na mtu mzima mmoja akakupiga kofi unyamaze.

Mgomba ukishaingia mle, kwa ukoo wetu Noel amezikwa. Hata ukija kujuta mwakani, hata kaunti wakikurudishia mifupa kwenye sanduku, pale hafukuliwi wala haongezwi mtu. Nakuambia haya kwa sababu umeishi huko muda mrefu na huenda unafikiri utapata nafasi ya kubadili mawazo. Hutaipata.

Sitakudanganya kwamba Noel aliniachia wosia. Kijana wa miaka ishirini na sita hazungumzi atazikwa wapi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kila Jumapili nikimpigia Ma alikuwa anavuta kiti karibu, ananyang'anya simu, anasema, "Shikamoo bibi, mimi Noel," kwa ile sauti yake ya Kimarekani. Ma anamuuliza kama amekula. Anamuuliza amekula nini. Basi, inaishia hapo. Siku moja alinirudishia simu akaniambia, "Shangazi, bibi hajawahi kuniuliza habari za mbio." Alisema hivyo akitabasamu, na siku nzima akawa mchangamfu.

Hata sasa Ma hajauliza. Hajaniuliza amekufa kwa nini, ingawa nadhani anajua kwamba kuna jambo namficha. Jana nilimpigia nimtulize, nikamkuta palepale kwenye kiti chake, nasikia mvua inavyopiga yale mabati. Nikamuuliza kwa nini hataki wengine wamsaidie kukaa na kaburi. Ndipo akanieleza jambo ambalo tangu jana linanizunguka, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Siku ile vijana walipofika na majembe, waliuliza marehemu alikuwa na urefu gani. Hakuna aliyejua. Noel aliondoka Kamachumu akiwa anabebwa mgongoni, na kwenye simu urefu hauonekani. Wakamgeukia Ma. Naye akawaambia mtoto lazima amefuata kwa baba yake, wachimbe kwa kipimo cha Method. Wakaitoa ile suruali yako ya arusi ya ndugu yetu Ta Rwegoshora, iliyobaki sandukuni kwake, wakaipimia, na kiwiliwili chako wakakikadiria kwa kukumbuka.

Noel alikuwa amekupita kichwa kizima, Method. Miguu yake ilikuwa inatokeza kwenye kochi langu, nilimwekea kigoda mwishoni. Mle ndani walimochimba hawezi kuenea. Anayeenea mle, kuanzia unyayo mpaka utosi, ni wewe, na mama yako amekaa pembeni ya kaburi la kipimo chako tangu mwezi wa kumi akilitazama. Ndiyo maana hataki kuliacha.

Kwa hiyo sikuombi uniandikie mimi, wala usijisumbue kunieleza habari za kamati. Wape ukuta wao, picha wabaki nayo. Wewe mpigie Ma. Usimwambie mambo mengi, usimwambie vidonge, usijitetee. Mwambie tu vijana waondoe mabati wachimbe zaidi, halafu mwambie mwanao alikuwa na urefu gani.

Msalimie sana Léocadie, mwambie wifi yake anampenda na nguo za Noel nimezifua na kuzikunja, hakuna nitakayoitoa mpaka aseme. Samson anakusalimu, ameacha tena Kiswahili lakini nitamrudisha. Ta Rwegoshora naye alisema nisisahau kukutajia jina lake. Mungu akushike mkono wakati wa kuinua hiyo simu, na akupe sauti.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Marcelina