Kiti Kilichomshinda Kashinje

Shikamoo, Fundi.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia kwa kuguna tu, midomo imebana misumari. Ni mimi Kabula, niliyeshona viti na wewe miaka kumi na mmoja. Nakuandikia nikiwa hapa hapa kibandani kwetu Kahama, kando ya barabara ya Kakola, na nimekuja kukusema. Vumilia, sasa huna pa kukimbilia.

Kwanza habari za mtaa. Ng'ambo ya barabara, pale alipokuwa mama wa chapati, amehamia mtu anayeuza viti vya guta. Vimetoka kiwandani na nailoni zake, vyekundu, vina maua ya uzi mweupe, kavitundika kwenye waya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hivi vimejitembeza mpaka vinakaribia kugongwa na malori. Na wateja, loh! Mtu mzima, ana wake wawili na zizi la ng'ombe kwao, anataka kiti cha kumpeleka Geita na guta limejaa ndoo na kreti za soda, kutwa nzima yuko juu ya matairi matatu kwenye makorongo yale, halafu anachagua kwa nini? Kwa kidole gumba! Anabonyeza, anabonyeza tena, utadhani anachagua papai. “Laini hii.” Anafungiwa, anaondoka. Akikaribia Bulyanhulu sponji imeshalala, amekalia ubao. Juzi nimemwona mmoja anapita hapa anaendesha amesimama, kiti chekundu kiko chini yake kinang'aa na hakikaliki. Watu wa nchi ya dhahabu hawa, Fundi! Nilidhani wao ndio wangekuwa wa kwanza kukishuku kinachong'aa.

Sikumwita. Nilimtazama tu nikafyonya. Hiyo dharau nimeipata kwako, usiikane.

“Kidole gumba hakiendi Geita,” ulikuwa unawaambia. “Kinachokwenda Geita ni matako.” Halafu unamwonyesha mteja lile gogo letu la katikati ya kibanda, lenye kimo cha guta, na bomba la kuwekea miguu. Unakiweka kiti juu yake, unampa mahindi na debe tupu. Apukuchue mpaka debe lijae, akiwa amekaa. Akijisogeza kabla ya nusu debe, kiti hakiuzwi. Unakifumua, unapunguza hapa, unaongeza pale, anarudi tena kupukuchua. Wewe huangalii uso wake, maana uso unadanganya. Unaangalia mabega.

Mtaa mzima ulikucheka. Walisema mzee yule anakula ugali wa wateja, na kweli, mkeo Mama Ng'washi hajapukuchua mahindi kwa mkono wake tangu nimjue. Unamkumbuka yule mnunuzi wa dhahabu wa Geita aliyekuja kumtafutia dereva wake kiti cha guta jipya? Shati jeupe, pete mbili. Alisema yeye hana muda wa mahindi, dereva wake pia hana muda wa mahindi. Ukageuka ukaendelea kushona. Alisimama, akazunguka, akapiga simu ya uongo, mwisho akakaa yeye mwenyewe kwenye gogo na shati lake jeupe, dereva amesimama pembeni anajizuia kucheka. Alipofika robo debe akasema, “Mzee, huku mbele kunanikata mapaja.” Ndiyo! Kunakata! Ndiyo maana ncha ya mbele inashushwa, damu ipite, miguu isife ganzi ukakosa kujua umekanyaga breki au hujakanyaga. Sponji ngumu chini, laini nyembamba juu, chini yake zote mipira ya tyubu iliyosukwa. Egemeo lishike kiuno, siyo mabega. Magoti yasizidi nyonga. Mambo haya nayajua hata nikiwa usingizini.

Na bado hukuwahi kuniita fundi.

Hilo ndilo lililonileta kukusema. Miaka kumi na mmoja, mteja akiuliza huyu ni nani, unasema, “Huyu ananisaidia.” Kiti nimeshona mimi kuanzia ubao mpaka reksini, ananisaidia. Nilikuambia mara moja kwamba nataka siku moja niende Geita na viti vyetu nikiendesha guta mwenyewe, nikauze kwenye machimbo kule. Uliitazama hii nyonga yangu ya kushoto, iliyovunjwa na ng'ombe wa plau nikiwa mtoto ikaunga vibaya, ukaguna. Sikurudia tena. Hata kwenye gogo letu mimi sifikishi nusu debe, nasimama nashika ukuta, wewe unajifanya unatafuta mkasi.

Ukaumwa. Figo zikakuchosha, miguu ikavimba, na wewe na ukaidi wako ukajifungia kushona kiti kimoja peke yako. Ukanikataza kukigusa. Nikakuuliza ni cha nani, ukasema, “Cha mtu wa safari.” Nilidhani ni mkubwa fulani wa mgodini. Ulikivisha kitambaa, ukakifunga kwa mkono wako kwenye guta lako mwenyewe, wakati hata kulipiga kiki ulikuwa huwezi tena. Wiki iliyofuata tukakuzika.

Sasa sikiliza ya mdogo wako Kashinje. Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa kugawana vitu. Kashinje, ambaye wakati unaumwa alikuja mara moja, akala, akasinzia, akaondoka, alisimama katikati ya watu akasema guta la kaka ni lake. Akalisogelea. Akanyoosha mkono. Fundi, akakibonyeza kile kiti kwa kidole gumba! Mbele ya matanga yako! “Laini hii. Kaka alijua kazi.” Nilitaka kumtemea mate. Mama Ng'washi akasema polepole kwamba na Kabula afikiriwe. Kashinje akanitazama mguuni kabla ya kunitazama usoni, akasema, “Huyu si alikuwa msaidizi tu? Apewe mikasi yake.”

Msaidizi tu. Neno lako hilo. Hakulitoa hewani, kalisikia kwako.

Nikapewa mikasi, na Mama Ng'washi akaniachia kibanda, kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Nilirudi hapa nikakudharau. Nakuambia wazi, nilikudharau kuliko hata wale wa vidole gumba. Nilisema, mzee huyu alijua mabega ya kila mpita njia, lakini aliyekaa naye kila siku hakumjua. Nilifagia vumbi lako nikalimwaga nje bila huruma.

Kashinje akapakia mchele kwenda Geita. Alipita hapa mbele kwa mbwembwe, honi juu ya honi, amevaa miwani ya jua. Siku ya tatu nikasikia guta linakuja kwa kujivuta. Fundi, wabeja, asante sana kwa siku ile! Amekaa tako moja, kiuno kimepinda kulia, anashuka kwa kushikilia bodi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, yeye kavunjika kiuno. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Akafungua boliti pale pale kwa hasira, akakitupa kiti mlangoni kwangu, akasema, “Kaka alikuwa fundi wa uongo. Kiti kimepinda!” Akavuka barabara akanunua chekundu. Alikijaribu kwa kidole.

Kicheko kilinikauka. Kimepinda? Hapa hakijawahi kutoka kiti kilichopinda. Nilikuwa nakudharau, ndiyo, lakini nakudharau mimi. Kashinje ni nani? Nikakiokota, nikakivua kitambaa, nikakiweka juu ya gogo, nikavuta uzi wa kupimia.

Kimepinda, Fundi. Upande wa kushoto umeinuka kuliko wa kulia, kimo cha kidole kizima. Nikakaa chini nikakuonea huruma. Nikasema ugonjwa ulikuwa umeshamfika machoni. Nikaufumua mshono wa chini ili nikirekebishe, nisije nikakuacha na aibu. Ndani nikakuta sponji ile ngumu imekatwa kwa mteremko, tabaka tatu, moja juu ya nyingine, gundi imepakwa kwa usawa, mshono wa mkono, ule wako wa kurudia mara mbili. Mgonjwa hakosei mara tatu mahali pamoja kwa usahihi ule. Na ncha ya mbele umeikata fupi mno, kwa mtu mwenye miguu mifupi. Kashinje ni mrefu kama mlingoti.

Ndipo nikakumbuka kile kiroba cha pumba.

Ilikuwa kabla hujaanza kukishona kiti hiki, wewe umelala kwenye mkeka kwako, nimekuja kukuletea uji. Ukasema nikae juu ya kiroba cha pumba kilichokuwa pembeni, nipukuchue mahindi ya Mama Ng'washi, niache kusimama simama. Nikakaa. Nilipoinuka ukaniambia nikisogeze kile kiroba karibu yako. Ukaweka kiganja kwenye lile shimo nililoliacha, ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia, umefumba macho. Na mimi nilisema moyoni, mzee ameanza kuchanganyikiwa, anapapasa pumba. Nikakutazama kwa dharau, Fundi. Nilikutazama hivyo huku unanipima.

Lakini wewe ulinifundisha kutokuamini kiti kwa macho, hata cha kwako. Jana asubuhi nikaushona ule mshono, nikatandika kitambaa, nikamwomba Mama Ng'washi mahindi. Alinitazama, akaniletea na debe, hakuniuliza kitu. Nadhani alijua siku nyingi. Nyie watu wa nyumba ile mnaweza kunyamaza!

Nikakaa kwenye gogo. Robo debe, nikasubiri maumivu, maana huwa yanaanzia pale. Hayakuja. Nusu debe, nikasubiri kusimama. Sikusimama. Kule ng'ambo wanabonyeza viti vyao, mimi napukuchua, na machozi yananitoka yanadondokea kwenye mahindi, na wala sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Ulinitengenezea kiti cha safari. Ukakifunga kwenye guta lako kwa mkono wako. Basi ungesema! Ungefungua mdomo siku moja tu mbele ya ndugu zako! Guta ameondoka nalo Kashinje kwa sababu uliona aibu kutamka maneno matatu. Hilo sikusamehe leo. Labda mwakani.

Wanipe guta au wasinipe, nimeshamwambia Mama Ng'washi kwamba sitagombana na mtu makaburini. Kashinje anaendesha guta lako juu ya kiti chekundu, na leo amepita amekikunjia gunia juu yake. Amepunguza honi. Kama atakuja kuomba kiti atakaa kwenye gogo kama watu wengine, na nitampa mahindi yenye magunzi magumu.

Asubuhi hii amekuja dereva mmoja wa Kakola, hanijui. Amenikuta nimesimama mlangoni na uzi shingoni, akauliza fundi yuko wapi. Mdomo ulishaanza kusema amefariki. Nikaufunga. Nikamwambia, “Ndiye mimi. Kaa hapo, pukuchua.” Amekaa, ndiye huyu anasikiliza kalamu yangu inavyokwaruza, yuko robo debe na bega lake la kulia limeanza kupanda. Nitamfumulia.

Lala, Fundi. Hakitatoka kiti hapa bila debe kujaa, hata mteja akiwa waziri, hata nikilala njaa. Na guta nitalipata, la kwangu, hata likiwa bovu. Wenzangu wananunua guta kwanza, halafu ndio wanahangaika na kiti. Mimi nimeanzia kwenye kiti. Siku nitakayokwenda Geita nitapita kwanza kaburini kwako nipige honi, na wewe utaguna.

Debe lilijaa jana, nisisahau kukuambia. Lilijaa mpaka juu, na nyonga haikuuma.

Wabeja, Fundi wangu.

Kabula, fundi wa viti.