Kibwagizo cha Baba

Jumatatu, 7 Machi 1994
Mwalimu Paskazia katupa kazi: shairi la vita, tuchambue mizani, vina na takriri. Wenzangu wamekimbilia vitabuni. Mimi nina la kwetu! Baba alilitunga akiwa vitani Kagera, askari mwenzake akaja likizo na karatasi yake, akamsomea Mama. Vita viliisha, Baba hakurudi, wala mwili haukuonekana. Karatasi ililiwa na mchwa zamani. Mama analo kichwani, beti zote sita. Huliimba akipiga pasi mitumba anayouza Buhongwa.

Nimeliandika akiimba. Mizani nane kwa nane, hakuna pengo. Hongera, Baba!

Jumatano, 9 Machi
Tatizo ni kibwagizo. "Kashindye mi nitarudi, mlango usiufunge." Kashindye ndiye Mama. Na kweli hafungi — komeo letu limeota kutu. Mwezi uliopita wezi walibeba redio na godoro la wageni, sisi tumelala tu!

Leo Baba mkubwa Shimba katuma ujumbe kutoka Magu. Jumamosi ukoo unakuja, matanga ya Baba yafanyike, miaka kumi na mitano inatosha. Mama kakataa. Eti mwongo husema mara moja, huyu kasema mara sita.

Nikamweleza: kibwagizo hurudiwa kila ubeti, ni kanuni ya shairi, siyo ahadi mpya. Akauliza kama kanuni hiyo ndiyo iliyomwoa. Nimemkasirikia na namwonea huruma, yote mawili.

Ijumaa, 11 Machi
Nimeshinda na vina. Beti tano za kwanza: -di katikati, -nge mwishoni, mishororo yote minne. Hebu tafuta wewe maneno ya -nge uone kazi! Ubeti wa sita kabadilisha. "Kesho mto tutavuka, risasi haina jina." Ni -ka na -na, mishororo mitatu. Halafu wa nne — nitarudi, usiufunge. Vina vya ugenini!

Hakukosea popote, aje akosee hapa pa kuagana? Sikubali. Huu si mshororo wake. Kulikuwa na mwingine, mtu kautoa. Na tangu karatasi iliwe, shairi hili limekaa kinywani mwa mtu mmoja tu.

Jumamosi, 12 Machi
Wamefika. Baba mkubwa na wazee wawili wako sebuleni, shikamoo zimekwisha, chai inanyweka. Wanasubiri Mama aseme ndiyo. Yeye yuko nami jikoni, anaosha vikombe visafi.

Nimemuuliza taratibu: mstari wa mwisho wa Baba ulikuwaje, ule wa -ka na -na? Hakuuliza nimejuaje. Kakaa kwenye kigoda. Kaimba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kashindye nikitoweka —"

Mizani nane. Bado nane.

Baba mkubwa anaita. Mama haitiki. Machozi yanamtiririka na hayafuti. Kaniangalia mkono huu unavyoandika, kasema, Mhoja, weka kalamu chini kwanza