Tawi Lako, Mwajuma

Mwajuma rafiki yangu,

Kazi yako na yangu nimeziunganisha. Nilitaka habari hii uisikie kwangu kwanza, ingawa sijui huko uliko unaisikiaje.

Tangu tukuzike Kasingirima, kile chumba chetu cha kazi cha Gungu kimekuwa kikubwa mno. Wauguzi wa vijiji vya ziwani hawakuacha kupiga simu: ile programu ya kuita boti mjamzito anapozidiwa itakamilika lini? Nikawa nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wewe, "Tuko mwishoni, dada."

Tulipogawana kazi ulicheka, ukasema, "Kila mtu na tawi lake, tusije tukapigana." Kila mmoja akawa anaandika kwenye nakala yake ya programu, ndilo tawi lake, na mfumo wa kompyuta unatunza historia ya zote mbili. Nilipouagiza mfumo huo uziunganishe, wenyewe ulirudi hadi pale nakala zetu zilipoachana, ukaangalia nani amebadilisha nini tangu hapo. Palipoguswa na mmoja wetu, mfumo ulichukua badiliko hilo wenyewe. Palipoguswa na wote wawili mfumo ulisimama, ukaweka mstari wangu juu na wako chini, ukanisubiri nichague.

Mstari mmoja ulinishinda. Wangu ulisema boti iondoke mara tu wito unapofika. Wako ulisema isubiri kwanza muuguzi athibitishe. Kwa nini isubiri, Mwajuma? Mama anatokwa damu, na wewe unasema isubiri? Nilitaka tu kukuuliza. Nikaenda kwa mama yako. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi hayo siyajui. Alikuwa anasema tu amekaribia kumaliza." Tukakaa tunalia wote wawili, chai ikapoa.

Mwenzetu wa ofisini alinishauri ninakili mistari yako niibandike kwenye kazi yangu, yaishe. Sikuweza. Historia isingejua kwamba matawi yetu yalikutana, na jina lako lisingeonekana popote. Nikaunganisha kama inavyotakiwa: hatua moja yenye wazazi wawili, kazi yako na yangu. Ila pale pa boti nikachagua mstari wangu.

Programu ikaanza kutumika. Juzi, wito ulipofika, boti ilitoka ufukweni Katonga ziwa likiwa limechafuka. Ilipofika kijijini, mama yule alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali na boti nyingine. Nahodha na mwenzake walirudi wameloa, wanatetemeka. Muuguzi wa kijiji hicho akanipigia.

"Mwenzio alinieleza hili," akasema. "Alisema bila mimi kuthibitisha, kuna siku watu watazama ziwani bure."

Nilidhani jibu umeondoka nalo, kumbe lilikuwa kwa yule dada muda wote.

Mstari wako ulikuwa bado umo kwenye historia. Nimeurudisha. Lakini kuna mahali pengine nilipochagua kwa kubahatisha, nikipasoma na kupasoma tena sioni kama nimekosea au la, na sijui ni nani mwingine uliyemweleza.

Pumzika, Mwaju. Nakuahidi, chochote nitakachokuta umekiandika wewe nitakiulizia kwa watu kabla sijakigusa, hata ikinibidi nizunguke kijiji kwa kijiji. Na mama yako hatakunywa chai peke yake siku za Ijumaa.

Mimi wako,
Neema